Kitabu Kilichongoja Miaka Thalathini na Mitano



Mwaka juzi baada ya Idi nilitoka Tanga nikaenda Ihembe, wilaya ya Karagwe, kumzuru binti yangu ambaye mumewe anasomesha skuli huko. Safari ni ndefu, na mgongo wangu si wa kijana tena. Mtu wa pwani akifika nchi ile ya vilima na migomba hujiona mgeni sana, walakini asijidhani kuwa ni wa kwanza. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa kwetu, Waarabu na Waswahili, walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange palipokuwa na makao ya mfalme Rumanyika. Speke, Mwingereza, alifika kwa Rumanyika mwaka 1861. Na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Kafuro Mwarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim, ambaye alikuwa amekwisha kukaa huko miaka mingi. Kwa hiyo lugha hii ninayokuandikia ilifika Karagwe kwa miguu, pamoja na misafara, kabla ya skuli na kabla ya serikali.

Basi siku moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimekaa mlangoni, akaja kijana ambaye umri wake hauzidi miaka 25. Akaniamkia, "Shikamoo shehe." Nikamwitikia, "Marahaba mwanangu, karibu mkekani." Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake madaftari matatu yaliyojaa mwandiko. Akaniambia kuwa ni hadithi aliyoitunga mwenyewe kwa Kinyambo, lugha ya bibi yake. Amekwisha kuulizia penye kupigwa chapa vitabu, akajibiwa kuwa lugha hiyo haina wanunuzi. "Nimesikia wewe ni mtu wa vitabu, shehe. Haya niyapeleke wapi? Au niyaache?"

Sikumjibu upesi, na sababu yake nitakueleza wewe ingawa yeye sikumweleza. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa chuoni aliniletea daftari la namna hiyo hiyo. Nililitazama kurasa mbili, nikamrudishia nikamwambia kuwa mambo yasiyotokea ni uongo, na kwamba wakati wake angeutumia kuhifadhi juzuu. Hakuniletea tena kitu, wala sijasikia kuwa aliandika tena. Na mimi huyo huyo, msomaji, nilikulia katika nyumba ambayo Alfu Lela U Lela ilisomwa kwa sauti baada ya chakula cha usiku, na marehemu baba yangu hakuwahi kusema kuwa tunasikilizishwa uongo! Kila mtu alijua kuwa ni mfano, na mfano una kazi yake. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo kijana wa Ihembe nilimtengea jioni nzima, nikamhadithia habari za watu wawili.

Wa kwanza ni wa kwetu, Muhammad Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Huyu hakuanza na vitabu. Alipomaliza masomo yake alifanya kazi katika idara ya afya muda wa miaka kumi, akikagua usafi. Kisha akaingia katika kazi ya magazeti. Katika miaka 1957 na 1958 East African Literature Bureau, ile idara ya vitabu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948, ilifanya mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili. Bwana Muhammad akapeleka hadithi yake, nayo ikatoka ya kwanza. Mwaka 1960 ikatolewa kitabu, ndicho Mzimu wa Watu wa Kale, na humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa na kiko chake. Mtunzi alikuwa amekwisha pita miaka arubaini. Baada ya hicho vilifuata vingine, kimoja baada ya kimoja, na sidhani kuna mji wa pwani ambao Kisima cha Giningi hakikusomwa. Tazama jambo hili: mtu ana kipawa, lakini mlango ulifunguliwa na tangazo la mashindano. Lisingalitolewa tangazo lile, labda hadithi zile zingalibaki za barazani.

Hata hivyo njia ya Bwana Muhammad ilikuwa fupi. Aliandika kwa Kiswahili, alikaa mjini, na gazeti lilikuwa mkononi mwake. Kijana wa Ihembe hana hata kimoja katika hivyo vitatu. Ndiyo maana nikamhadithia habari za yule wa pili, ambaye ni wa ziwa lao wenyewe.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Wazee wa ukoo huo walitoka Ihangiro, kwa mapokeo yao, nayo ni nchi ya Kagera hii hii. Kijana aliposikia hayo alisogea karibu. Kitereza alisomeshwa na mapadri, kwanza Kagunguli kisiwani kwao, kisha tangu mwaka 1909 hadi 1919 katika seminari ya Rubya, ambayo leo imo wilaya ya Muleba. Wala usione ajabu, msomaji, shehe kukuletea habari za mtu wa seminari. Ukweli wa mtu huyu unatufaa sisi pia. Hakuwa padri. Alioa, mkewe akiitwa Anna, akafanya kazi kwa mfanyabiashara Mwanza, kisha akarejea kisiwani kuwa karani wa misheni. Watoto waliowapata hawakuishi. Wazee hawa wawili walibaki peke yao, wala hakumwacha mkewe.

Sasa sikiliza aliyoyaandika. Ni habari za mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wasiopata mtoto. Jamaa za mume wanamtukana mke kwa utasa, basi wazee wake wanakuja kumchukua binti yao. Mume anawaendea wakwe kuomba arudishiwe mkewe, naye anatozwa faini ya pombe ya ndizi, ambayo ni desturi yao, si yetu. Kisha wanahangaika na waganga hata wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Mimi nimekaa katika mashauri mengi ya ndoa, nimewaona wanaume wakitoa talaka kwa sababu ya maneno ya dada zao tu. Nikimsoma Myombekere anavyowaendea wakwe zake kwa unyenyekevu, nasema huyu mtungaji alijua alichokuwa akikiandika.

Alikiandika kwa Kikerewe, kwa kuwa alitaka watoto wa kisiwa wasisahau maneno na mila za wazee wao. Padri mmoja Mkanada, Almas Simard, ndiye aliyemtia moyo. Mwaka 1945 mswada ukamalizika. Simard akauchukua kwao Kanada akitumai kuutoa kwa Kifaransa, lakini alikufa kazi haijatimia. Na huku kwetu nani angepiga chapa kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya watu wa kisiwa kimoja? Jibu alilopewa kijana wa Ihembe si jipya.

Miaka ikapita. Vita vikaisha, Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, mswada umelala. Kuelekea mwisho wa miaka ya sitini wakaja Ukerewe Gerald Hartwig, Mmarekani aliyekuwa akichunguza historia ya kisiwa, na mkewe Charlotte. Wakamkuta mzee Kitereza na kazi yake, wakaona kuwa hii si ya kuachwa, wakamshauri aitie katika Kiswahili. Hapo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Mimi kwa umri wangu huu nikiambiwa niandike tena barua ya kurasa nne nanung'unika. Yeye alikaa akakifasiri kitabu kizima, mwanzo hadi mwisho, kwa mkono wake mwenyewe.

Mswada wa Kiswahili ukaenda Dar es Salaam, Tanzania Publishing House, shirika lililoanzishwa mwaka 1966. Huko nako ukangoja muda wa miaka mingine kumi. Kitabu kilitolewa mwaka 1980. Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981, na nakala zilipofika kisiwani, mwenyewe alikuwa amekwisha zikwa. Hakukishika.

Hapo kijana aliinamisha kichwa, nami nikaogopa kuwa nimemvunja moyo. Nikamwambia asubiri, kwani habari haikuishia kaburini. Wajerumani walikifasiri. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye Mkerewe na mtunzi, alikitoa kwa Kiingereza akifasiri kutoka katika Kikerewe chenyewe, na kilichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Fikiri: kama yale maandishi ya Kikerewe yangalipotea, Ruhumbika angefasiri nini?

Basi nikamuuliza, "Madaftari haya yana nakala?" Akasema, "Hapana, ndiyo haya tu." Na yeye alikuwa karibu kuyatia katika basi yapelekwe kwa mtu asiyemjua! Nikamwambia kesho asubuhi tutakwenda Kayanga. Tukaenda pamoja na mkwe wangu, tukatoa fotokopi mbili, moja ikabaki kwa bibi yake na moja nikapewa mimi nije nayo Tanga, ingawa Kinyambo chenyewe sikijui. Nikamweleza pia kuwa mashindano siku hizi yapo zaidi kuliko zamani: iko Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ya taifa, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, na ile ya Kiswahili ya fasihi ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 2014. Zote mbili zinapokea mswada wa mtu ambaye hajawahi kutoa kitabu. Sharti aufasiri.

Akaniuliza, "Nikiufasiri, shehe, si utakuwa umekufa utamu wake?" Nikamwambia baadhi utakufa, ndiyo, na Kitereza alilijua hilo, ndiyo maana aliuhifadhi ule wa kwanza.

Mwezi uliopita nimepokea bahasha kutoka Ihembe, imeletwa na dereva wa basi. Ndani mna sura ya kwanza kwa Kiswahili, kurasa 14, na barua fupi ya kuomba radhi kuwa imechelewa kwa sababu ya mavuno ya kahawa. Kiswahili chake kina makosa, nami nimeyatia alama kwa kalamu ya risasi ili aweze kuyafuta akipenda. Maneno mawili ya Kinyambo ameyaacha vile vile. Hayo sikuyagusa.