Nidhamu na Mji wa Hyderabad

Neno nidhamu, ambalo kwetu husikika zaidi darasani na kambini kuliko ikuluni, ni ndugu wa damu wa Nizam, lakabu ya Kiarabu waliyoitwa kwayo watawala wa Hyderabad, mji ulioasisiwa mwaka 1591 kando ya mto Musi na Sultani Muhammad Quli Qutb Shah, aliyesimamisha katikati yake jengo la Charminar, yaani minara minne (na hapo kwenye minara, alhamdulillahi, hatuhitaji mkalimani). Nizam ul-Mulk ni mwenye kuratibu milki. Walakini mto haukuratibika, ukafurika Septemba 1908, ukaangamiza maelfu ya watu, hata likajengwa bwawa la Osman Sagar kuuzuia. Dola ya akina Nizam ilikoma Septemba 1948, jeshi la India lilipoingia.