Kofia ya Gazeti

Juma lililopita nilinyang'anywa gazeti langu kabla sijalisoma. Nililiweka kitini barazani, nikaingia ndani kutafuta miwani, na niliporudi nikamkuta mjukuu wangu wa miaka saba amelivaa kichwani. Haikuwa ile kofia tuliyokuwa tukiikunja sisi utotoni, ambayo ukiigeuza inakuwa mashua. Hii ilikuwa na pembe mbili zilizochomoza mbele kama za fahali. Nikamwuliza, "Hii ni kofia ya nani?" Akajibu, "Ya askari wa Japani, babu. Mwalimu katufundisha."

Nilicheka, nikamwachia. Lakini kofia ile ina mambo yake, na leo ningependa tuyazungumze.

Japani wana sikukuu ya watoto kila tarehe 5 Mei. Kwao hayo ni majira ya machipuko: baridi imekwisha na miti ina majani mapya. Siku hiyo watoto hukunja kofia za vita, ziitwazo kabuto, na gazeti hupendwa kwa kazi hiyo kwa sababu ukurasa wake ni mkubwa, kofia inaenea kichwani kweli kweli. Kata ukurasa uwe mraba. Ukunje pembe kwa pembe upate pembetatu, mkunjo mrefu uwe juu na ncha ielekee kwako. Shusha pembe ya kulia na ya kushoto zikutane kwenye ile ncha ya chini. Sasa zipandishe ncha hizo mbili hadi juu, kisha zikunje kidogo kwenda nje. Hizo ndizo pembe za fahali. Chini zimebaki karatasi mbili. Ya mbele ipandishe, uikunje tena iwe ukingo wa kofia. Ya nyuma ikunje kwa nyuma. Ukikosea mara ya kwanza usijali, magazeti ya zamani hayakosekani nyumbani.

Pamoja na kofia, huning'iniza juu ya mlingoti samaki wa karatasi au wa kitambaa, mdomo wazi, upepo ukiingia anatuna na kuogelea angani. Ni ndugu wa tiara zetu, ila huyu hafungwi uzi wa kukimbia naye. Samaki mwenyewe huitwa koi. Wachina wana hadithi ya kale kwamba samaki huyo akifaulu kupanda maporomoko ya maji hugeuka joka, na wazazi wa Kijapani waliipenda kwa ajili ya wana wao. Mchoraji Hiroshige aliwachora samaki hao mwaka 1857 wakipepea juu ya mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, mmoja akiwa mkubwa sana.

Nimesema wana wao, yaani wavulana. Sikukuu hii zamani haikuwa ya watoto wote. Ilikuwa siku ya tano ya mwezi wa tano, kwa kalenda ya mwandamo, na watu walitia majani ya mmea uitwao shobu katika maji ya kuoga ili kufukuza maradhi. Sasa sikiliza jinsi neno linavyoweza kugeuza mambo. Katika Kijapani, shobu likiandikwa kwa herufi nyingine lina maana ya kuutukuza ushujaa wa vita. Katika zama za watawala wa Tokugawa, kati ya 1603 na 1868, askari wa tabaka la samurai waliifanya siku ya wavulana, wakapanga mbele ya nyumba kofia za chuma na bendera. Kofia ya karatasi ya mjukuu wangu ni mtoto wa kofia hizo za chuma.

Sanaa yenyewe ya kukunja karatasi nayo ni ya siku nyingi. Mwaka 1797 kilichapwa mjini Kyoto kitabu kizima cha kufundisha kukunja ndege aina ya korongo, wakiwa wameunganika. Lakini ilivyoingia katika shule za watoto wadogo, mkono wa Ulaya umo. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya chekechea mwaka 1837, aliweka ukunjaji wa karatasi miongoni mwa kazi za watoto. Chekechea ya kwanza ya serikali mjini Tokyo, ya mwaka 1876, ilifuata mafundisho yake. Wajapani wakafundishwa na Mjerumani kile ambacho bibi zao walikuwa wakikifanya.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na karatasi ikaitwa jeshini. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945 Japani ilirusha maputo yapatayo 9,000 yenye mabomu, yakachukuliwa na upepo mkali wa juu angani kuvuka bahari ya Pasifiki hadi Marekani. Yalitengenezwa kwa karatasi ya washi, itokanayo na magome ya mti wa jamii ya mforosadi, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya mizizi ya mmea uitwao konnyaku. Na nani aliyeibandika? Kwa sehemu kubwa wasichana wa shule, waliotolewa madarasani. Njaa ilikuwa kali hata wengine wakawa wanaiba gundi ile na kuila.

Mengi ya maputo hayo hayakudhuru mtu. Lakini karibu na kijiji cha Bly, jimbo la Oregon, mke wa mchungaji, naye mjamzito, pamoja na watoto watano wa shule ya Jumapili, walikwenda msituni kutembea na kula chakula cha mchana. Waliona kitu cha ajabu chini. Kikalipuka, wakafa wote sita. Watoto walikuwa na umri wa kati ya miaka 11 na 14. Serikali ya Marekani ilikuwa imeviomba vyombo vya habari visiyataje maputo hayo, kwa hiyo hawakuwa na namna ya kujua. Siku hiyo, msikilizaji, ilikuwa tarehe 5 Mei 1945.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, Japani iliyokwisha kushindwa ilitunga sheria mpya ya sikukuu za taifa. Tarehe 5 Mei ikawa ya watoto wote, wa kiume na wa kike, na pia ya kuwashukuru akina mama. Siku ya wasichana ya wanasesere, tarehe 3 Machi, haikufanywa ya mapumziko, watu huenda kazini kama kawaida. Wasichana wakinung'unika mimi nitawaunga mkono.

Na kule Hiroshima, ambako bomu la atomiki lilianguka tarehe 6 Agosti 1945, alikuwako Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili siku ile. Mwaka 1955 akapatikana na saratani ya damu. Hospitalini alikunja korongo kwa karatasi za kufungia dawa, kwa imani kwamba atimizaye elfu hupata aombalo. Kitabu kimoja maarufu cha mwaka 1977 kinasema aliishia 644. Jumba la makumbusho la Hiroshima linasema alizidi elfu. Mimi nalisadiki jumba la makumbusho, ingawa kwa hiyo hadithi inakuwa chungu zaidi. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1955, akiwa na miaka 12. Wanafunzi wenzake wakachangisha fedha Japani nzima, na mnara wao ukazinduliwa tarehe 5 Mei 1958. Waliichagua siku hiyo kwa kuwa ni ya watoto.

Wale wasichana waliobandika maputo nao walikua, wakawa mama na nyanya. Wengi walikuja kujua miaka mingi baadaye kwamba kazi ya mikono yao iliua watoto. Mwaka 1987 kikundi chao kilikaa kikakunja karatasi tena, korongo elfu moja, wakazipeleka Bly kwa jamaa za wale waliokufa.