Adjutant, tagi iliyopigania bendera mbili

Mgeni akifika Kigoma huonyeshwa Liemba, meli ya Wajerumani iliyozamishwa vitani mwaka 1916, ikaibuliwa, ikarudi kubeba abiria kwa miongo mingi. Haonyeshwi Adjutant. Nayo ilifika Kigoma katika vita vilevile, ikiwa vipande vipande juu ya mabehewa ya Reli ya Kati, baada ya kupigana baharini chini ya bendera mbili: kwanza ya Uingereza, kisha ya Ujerumani. Wala haikuundwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa tagi, boti ya mvuke ya kuvuta meli na matishari.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika pwani yetu Agosti 1914, boti ya namna hiyo haikuwa na thamani machoni pa wakubwa. Macho yote yalikuwa kwa Königsberg, manowari ya Kijerumani yenye mizinga kumi ya milimita 105. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ilivamia bandari ya Zanzibar, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga kwa matengenezo, ikaizamisha. Kisha ikatoweka. Mitambo yake ilikuwa imechoka, na nahodha wake, Max Looff, aliingia kujificha katika delta ya Rufiji.

Waingereza walikuwa wakiitafuta kila ghuba, na katika msako huo, mwezi Oktoba, manowari yao Dartmouth iliinasa Adjutant, iliyokuwa ya Wajerumani. Walipoifunga mizinga na kuipandisha bendera yao, tagi ikawa boti ya vita. Mwisho wa mwezi huohuo Königsberg nayo ikagunduliwa, imejibanza ndani ya mikoko.

Kuiona kulikuwa jambo moja na kuifikia jambo jingine. Rufiji humwaga maji baharini kwa midomo mingi, na kila mdomo una mafungu ya mchanga na tope ambalo hubadilika msimu hata msimu. Manowari za Kiingereza zilihitaji kina kirefu. Zingethubutu kuingia, maji yakipwa zingekwama mbele ya mizinga ya adui. Mwezi Novemba Waingereza walizamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mkondo mmoja ili kuuziba. Lakini midomo mingine ilibaki wazi, na hakuna aliyejua kwa hakika mlangoni kuna ulinzi gani.

Hapo ndipo tagi ilipopata kazi. Boti inayovuta meli kubwa hupewa injini yenye nguvu kuliko umbo lake, na hugeuka mahali ambapo manowari haiwezi hata kusogea. Chombo hicho kingeingia kupeleleza na kutoka kabla maji hayajapwa. Tatizo ni kwamba Wajerumani nao walilijua hilo. Kando ya mikondo, ndani ya mikoko, walikuwa wamechimba mahandaki na kuweka mizinga midogo na bunduki za rashasha, chini ya ofisa aitwaye Schönfeld. Ukiwa majini huoni kitu ila majani.

Tarehe 6 Februari 1915 Adjutant iliingia Rufiji kupeleleza, na risasi zikaanza kutoka ufukweni. Moja ililipata bomba la mvuke. Boti ya mvuke uhai wake wote hupita katika mabomba hayo: likitoboka, mvuke unaounguza humwagika chumba cha mitambo, injini huzimika, na chombo hubaki gogo la kuchukuliwa na mkondo. Tagi iliyokuwa ikiburuta meli nzima haikuweza tena kujiburuta yenyewe. Mabaharia wake wakajisalimisha, na Adjutant ikarudi mikononi mwa Wajerumani, safari hii ikiwa imeshafungwa mizinga na Waingereza.

Waliitengeneza. Baadaye wakaitoa deltani, wakaipenyeza katika ulinzi wa Waingereza mpaka Dar es Salaam. Königsberg haikupata bahati hiyo. Waingereza walileta boti mbili bapa zenye mizinga mikubwa, Severn na Mersey, na ili zifike Rufiji zilivutwa na tagi kutoka Malta kupitia Suez. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915, zikarudi tarehe 11, na manowari ikaishia kwenye tope. Mizinga yake yote kumi iliopolewa, ikafungiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu.

Ukiitazama kwa karibu, sehemu kubwa ya vita hivi ilikuwa kazi ya kuvuta. Kabla Königsberg haijafa, vipuri vya boila zake vilikokotwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa Rufiji kwa njia ileile. Waliokokota ni Waafrika, maelfu kwa maelfu, katika tope na jua. Upande wa pili Waingereza walizivusha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, juu ya milima ya Mitumba nchini Kongo ili wazishushe Ziwa Tanganyika. Nazo zilifanya kazi: tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka boti ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ikasaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann.

Wajerumani wakabaki na meli moja kubwa ziwani, Goetzen, ambayo leo ndiyo Liemba. Walihitaji chombo kingine haraka, na Dar es Salaam palikuwa na tagi ambayo haikuwa na pa kwenda, kwa kuwa bahari ilikuwa ya Waingereza. Adjutant ikafunguliwa bamba kwa bamba, ikapakiwa kwenye treni, ikasafirishwa kilomita zipatazo 1,250 hadi Kigoma.

Ilichelewa. Kuunganisha upya chombo cha chuma huchukua miezi, na Wabelgiji, washirika wa Waingereza, walikuwa wakisonga mbele. Ndege zao zilikuwa zikiiangushia Kigoma mabomu. Goetzen yenyewe ilikuwa imenyang'anywa mzinga wake mkubwa, uliotoka kwa Königsberg, ukapelekwa nchi kavu. Mahali pake ukawekwa wa mbao wa kutishia. Mwezi Julai 1916 Wajerumani walipoondoka waliviharibu vyombo vyao visiangukie mikononi mwa adui. Goetzen ilizamishwa kwa uangalifu, mitambo ikiwa imepakwa grisi, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Adjutant iliharibiwa kabla haijapiga hata risasi moja ziwani.

Jina lake likasahaulika, kama yalivyosahaulika ya wengi waliovuta mizigo ya vita hivyo. Wapagazi wa Waingereza angalau waliachiwa mtaa mmoja Dar es Salaam, palipokuwa kambi yao ya Carrier Corps. Watu wameufupisha, na kila siku hapo mikokoteni bado inavutwa kwa mkono: Kariakoo.