Tsunami: mawimbi yaliyoua maelfu, na somo lake kwa watu wa Lualaba

Maji yanayopita Kindu, chini ya mitumbwi inayovusha watu na mizigo kwenda Alunguli, yametoka mbali. Sehemu yake ilianzia Ziwa Kivu, ikashuka kwa Mto Ruzizi hadi Tanganyika, ikatokea Kalemie kwa Mto Lukuga, ndipo ikaingia Lualaba. Bahari iko mbali na Maniema, kwa hiyo wengi wetu tukisikia tsunami tunadhani ni msiba wa Japani na Indonesia tu. Historia inasema vingine. Tsunami imeua watu kwenye pwani ya Waswahili, na wimbi la namna hiyo linaweza kuzaliwa hata ziwani.

Wimbi la kila siku huletwa na upepo, nao hutikisa maji ya juu peke yake. Tsunami husukuma maji yote, tangu sakafuni. Mara nyingi chanzo chake ni tetemeko. Mabamba mawili ya ardhi hubanana chini ya bahari kwa miaka mingi, hata siku moja yakachomoka na sakafu ikainuka ghafla. Maji yaliyo juu yake hutawanyika kwa nguvu pande zote. Kwenye kina kirefu wimbi hilo hukimbia kilomita 700 hadi 800 kwa saa, lakini huinuka kidogo sana, na mabaharia wanaweza kupita juu yake bila kulitambua. Likikaribia nchi kavu hupunguza mwendo, maji ya nyuma yakayapanda ya mbele, likawa ukuta. Volkano inayolipuka au mlima unaoporomokea majini pia huweza kulizaa.

Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliangusha makanisa ya Lisbon, Ureno, yakiwa yamejaa waumini. Walionusurika walikimbilia ukingoni mwa mto, mahali peupe pasipo na kuta za kuwaangukia. Hapo waliona maji yakirudi nyuma na kuacha tope wazi. Muda mfupi baadaye yakarejea na kuwazoa. Mwaka 1883 ikawa zamu ya volkano: Krakatoa, Indonesia, ililipuka Agosti 27, na watu zaidi ya 36,000 wakafa, wengi wao kwa mawimbi. Mshindo wake ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, karibu na Mauritius, umbali wa kilomita 4,800 hivi.

Lakini hakuna tsunami inayojulikana kuua kuliko ile ya Jumapili, Desemba 26, 2004. Saa 10 alfajiri kwa saa za Dar es Salaam, tetemeko la kipimo cha 9.1 lilipasua sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, kwa zaidi ya kilomita 1,000. Watu wapatao 230,000 walikufa katika nchi zaidi ya 10. Wimbi lilivuka Bahari ya Hindi yote kwa saa chache, likafika Afrika. Somalia ilipoteza watu karibu 300, na kijiji cha Hafun kikaharibiwa vibaya. Tanzania ilizika watu wasiopungua 10, wakiwamo waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Kenya alikufa mmoja. Huko maji yalikuwa yamekupwa wimbi lilipofika, na habari za maafa ya Asia zilikuwa zimetangulia, watu wakaondolewa ufukweni.

Haikuwa mara ya kwanza kwa pwani hiyo. Pangani, kaskazini mwa Tanzania, watafiti walifukua tabaka la mchanga lililojaa mifupa ya watu. Mifupa hiyo haikuwa na dalili za vita wala za maziko ya kawaida. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulieleza kwamba kijiji hicho cha wavuvi kilifunikwa na tsunami miaka 1,000 hivi iliyopita, na huenda nayo ilitokea upande wa Sumatra. Kumbukumbu ilifukiwa pamoja na wenyewe, na vizazi vilivyofuata vikaishi ufukweni bila kuijua.

Kwingine kumbukumbu haikupotea. Kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na kitovu cha tetemeko la 2004, kilikuwa na watu kama 78,000. Tsunami ya mwaka 1907 iliwaua mababu zao wengi, na wazee hawakuacha kuwasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikapwa ghafla, usiokote samaki, panda mlimani. Siku ile walipanda. Wakafa watu 7 tu, wakati Indonesia nzima ilipoteza zaidi ya 160,000. Bahari ya Hindi wakati huo haikuwa na mfumo wa kutoa tahadhari, ingawa Pasifiki ilikuwa na wake tangu 1949. Hadithi ya bibi na babu ndiyo iliyoziba pengo hilo.

Sasa turudi kwenye maziwa. Mwaka 563, mlima uliporomoka kando ya Ziwa Geneva, na wimbi lake likavunja daraja na vinu vya mji wa Geneva. Agosti 21, 1986, gesi ya kaboni iliyojikusanya chini ya Ziwa Nyos, Kameruni, ilifumuka, ikainua wimbi ufukweni na kuua watu zaidi ya 1,700 kwa kuwakosesha hewa. Kivu nalo lina gesi hiyo, tena kwa wingi usiolinganika, pamoja na methani, na liko katika bonde lenye volkano na matetemeko. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ziwani. Bahati nzuri, tabaka za gesi chini ya ziwa hazikuvurugika. Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 katika Ziwa Tanganyika liliangusha nyumba Kalemie.

Kindu yenyewe iko mbali na hatari hiyo. Lakini watoto wa Maniema wanasoma Bukavu, wanachuuza Goma na Uvira, wameoa na kuolewa Kalemie. Wafundishwe shuleni na nyumbani: ukiwa ufukweni, ardhi ikatikisika kwa nguvu au maji yakarudi nyuma ghafla, kimbilia juu bila kungoja tangazo, wala usishuke baada ya wimbi la kwanza, kwa kuwa la pili huweza kuwa kubwa zaidi. Watu wa Simeulue hawakuwa na mitambo. Walikuwa na wazee waliosema na vijana waliosikia, na sisi tunao wote wawili.