Kolelo, Mizimu na Swali la Nje ya Sakristia



Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, huniletea swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, nje ya sakristia, baada ya Misa: "Padre, ukoo umeniita kwenye tambiko. Niende?" Kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke historia ya nchi hii tunamoishi. Wengi wetu tumehamia Kibaha na Kisarawe kutoka mikoa mingine, nasi tumezoea kuzitazama mila za Wazaramo kama ushirikina wa wenyeji. (Kana kwamba huko kwetu hakuna mizimu!)

Wamisionari Wabenediktini walipofika Pugu mwaka 1888 hawakukuta watu wasio na dini. Wazaramo walimjua Mungu Muumba, ila katika shida za kila siku waliwaendea wahenga wao makaburini. Mvua ilipokosekana walituma wajumbe wenye zawadi, safari ya siku nyingi kwa miguu, hadi pango la Kolelo katika milima ya Uluguru. Huko mtumishi wa mzimu alitoa majibu, nayo yalitiiwa. Mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipowaka, amri ya kutowalipa Wajerumani kodi ilienea Uzaramo kwa jina la Kolelo. Mzimu wa mvua ulikuwa umegeuka kuwa sauti ya watu waliochoshwa na kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu. Anayedhani dini ya jadi ilikuwa hofu tupu na aufikirie mwaka ule.

Uislamu ulienea, Ukristo nao ukaja, lakini tambiko halikufa. Lilihamia usiku. Hata mwana hiti, kile kinyago kidogo ambacho mwali alikitunza kama mtoto wakati wa kuwekwa ndani, wengine hukijua leo kwa kukiona makumbusho tu, lakini unyago wenyewe bado unachezwa.

Kanisa limekutana na jambo hili tangu zamani. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abate Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda Uingereza, kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe. Sanamu ndizo ziharibiwe, na majengo yanyunyiziwe maji ya baraka, ili watu wamwabudu Mungu wa kweli mahali walipopazoea. Papa huyo alijua kutenganisha, jambo ambalo sisi mapadre hatulifanyi daima. Tumeweka heshima kwa wahenga na ramli ya mganga katika kapu moja, tukalilaani lote, na waamini wakajifunza kutuficha yote mawili.

Ramli ni jambo jingine kabisa. Katekisimu, namba 2116, inaikataa bila kusitasita, nami nimeona kwa nini. Mtoto aliugua katika familia moja ya waamini wangu. Wakaenda kwa mganga, naye akawaambia mchawi ni bibi mzaa baba. Mtoto alipona kwa dawa za malaria. Bibi hakurudishiwa heshima yake. Hakuna aliyekula chakula alichopika, na kwenye jumuiya aliacha kuja. Wakati huo nilihubiri Jumapili mbili mfululizo dhidi ya waganga, na watu wakanisifu. Nyumbani kwa bibi sikufika hata mara moja mpaka alipoomba Mpako wa Wagonjwa.

Basi, aliyeniuliza safari hii nilimwambia aende. Afyeke majani makaburini pamoja na ndugu zake, ataje majina ya babu zake, awaombee, ale nao. Itakapofika zamu ya kuchinja kwa ajili ya mizimu na kupiga ramli, aondoke.

"Na wakiniuliza kwa nini naondoka, Padre?"

Nilimwambia nitakwenda naye. Tumepanga Jumamosi ijayo.