Nyumba ya Mtu Katika Mtandao

Kila fundi hutafuta mahali pa kuonyesha kazi yake. Seremala hupanga vitanda na viti kando ya njia. Mshonaji hutundika kanzu mlangoni mwa duka lake. Msusi wa mikeka huitandaza sokoni ili wapitao waione. Mtu ambaye kazi yake ni kuandika programu, kuchora kwa kompyuta au kupiga picha hana kibaraza cha namna hiyo. Kibaraza chake ni tovuti: kurasa chache katika intaneti zenye jina lake, elimu yake, kazi alizozifanya na njia ya kumpata. Siku hizi vijana wengi huijenga tovuti hiyo kwa msaada wa kiunzi cha JavaScript. Insha hii yakusudia kukueleza, msomaji, kibaraza hicho kilitoka wapi, viunzi vyake vilizaliwa na haja gani, na historia yake yamfundisha nini mtu anayeanza kujenga leo.

Historia hii yaanza Uswisi. Mwaka 1989 Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee alikuwa akifanya kazi CERN, kituo kikubwa cha uchunguzi wa fizikia karibu na mji wa Geneva. Wataalamu wa kituo hicho walitoka nchi nyingi na walitumia kompyuta za namna mbalimbali, na maarifa yaliyohifadhiwa katika kompyuta moja yalikuwa taabu kusomwa katika nyingine. Mwezi wa Machi mwaka ule Berners-Lee aliandika pendekezo la kuziunganisha hati hizo kama nyuzi za wavu. Hata mwaka 1990 ulipokwisha, alikuwa ametengeneza kivinjari cha kwanza, seva ya kwanza, na lugha nyepesi ya kuandikia kurasa iitwayo HTML. Lugha hiyo hutia alama katika maandishi: hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kwendea ukurasa mwingine. Mtu mwenye subira aweza kujifunza misingi yake kwa muda wa siku chache.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu za mtandao huo ni mali ya watu wote. Hapakuwa na ada ya kulipa wala ruhusa ya kuomba. Mwaka uo huo vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakiongozwa na Marc Andreessen na Eric Bina, walitoa kivinjari cha Mosaic, kilichoweza kuonyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya wataalamu kikaingia mikononi mwa watu wa kawaida, nao wakafanya lile ambalo binadamu hulifanya kila apatapo ukuta mtupu: wakaandika majina yao.

Mmoja wa watu hao alikuwa Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland. Mwaka 1994 alikuwa ameweka katika mtandao maelezo ya elimu na kazi yake, akataka kujua ni watu wangapi wanaoyasoma. Akaandika programu ndogo za kuhesabu wageni hao, akaziita vifaa vya ukurasa binafsi, na mwaka 1995 akawapa watu wote bure. Programu hizo zilikua zikawa PHP, lugha ambayo hata leo huendesha tovuti nyingi sana duniani. Tazama, msomaji, jinsi haja ya mtu mmoja kuonyesha kazi yake ilivyozaa chombo cha mataifa yote.

Si kila mtu aliyekuwa na seva yake. Kwa hiyo mwaka 1994 ilianzishwa huko California kampuni iliyokuja kuitwa GeoCities, ambayo ilimpa mtu yeyote nafasi ya kujenga ukurasa bila malipo. Kurasa ziligawanywa katika mitaa: wapenda filamu walikaa mtaa wa Hollywood, wapenda kompyuta walikaa mtaa wa SiliconValley, na kila ukurasa ulikuwa na nambari yake kama nyumba. Mamilioni ya watu wakahamia huko. Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua mitaa hiyo yote.

Kurasa za siku zile zilisomwa kama karatasi iliyopigwa chapa. Hazikuweza kumjibu msomaji. Kampuni ya Netscape, iliyotengeneza kivinjari kilichopendwa kuliko vyote wakati ule, ilitaka lugha ya kuzipa kurasa uhai. Mwezi wa Mei 1995 Brendan Eich alitengeneza umbo la kwanza la lugha hiyo kwa muda wa siku 10. Kwanza iliitwa Mocha, kisha LiveScript, na mwezi wa Desemba ikapewa jina la JavaScript. Jina hilo lafanana na la lugha ya Java, iliyokuwa na sifa nyingi siku hizo, lakini lugha hizi mbili ni tofauti. Kwa JavaScript ukurasa uliweza kumwambia mtu kwamba amesahau kuandika jina lake katika fomu, au kubadili picha alipoigusa.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kampuni ya Microsoft ilikuwa na kivinjari chake, na vivinjari viwili hivyo havikuielewa lugha hiyo kwa namna moja. Kanuni za pamoja zilitolewa mwaka 1997, walakini kwa miaka mingi fundi alilazimika kuandika jambo lile lile kwa njia mbili. Mwaka 2006 Mmarekani John Resig alitoa jQuery, mkusanyo wa amri fupi zilizoeleweka na vivinjari vyote, na mzigo wa mafundi ukapungua sana.

Lakini mzigo mmoja ukishushwa, mwingine hupandishwa. Ramani za Google, zilizotolewa mwaka 2005, zilikuwa zimewaonyesha watu kwamba ukurasa waweza kubadilika mbele ya macho bila kupakiwa upya wote. Basi kila mtu akataka kurasa za namna hiyo. Programu za JavaScript zikarefuka kutoka mistari kumi hadi maelfu. Jambo moja lilipobadilika, fundi alipaswa kukumbuka kila mahali lilipoandikwa katika ukurasa. Alipopasahau pamoja tu, ukurasa ulisema uongo. Haja ya utaratibu ndiyo iliyoleta viunzi.

Kiunzi ni nini? Fikiri jinsi nyumba ya udongo inavyojengwa katika vijiji vya pwani. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa kwa kupishana, na baada ya hapo udongo hukandikwa. Nguzo na fito hazikuambii ni nani atakaa chumba kipi, bali zakuonyesha ukuta utapita wapi na kuuzuia usianguke. Kiunzi cha JavaScript ni mfano wa nguzo hizo: ni programu iliyokwisha andikwa na wengine, yenye utaratibu wake, nawe wajaza kazi yako ndani yake. Google ilitoa AngularJS mwaka 2010. Facebook ilitoa React mwaka 2013, kazi iliyoanzishwa na fundi wake Jordan Walke. Mwaka 2014 Evan You, aliyepata kufanya kazi Google, alitoa Vue.

Mfano mdogo utakuonyesha faida yake. Tuseme una kazi 10 za kuonyesha, na kila moja yahitaji kadi yenye picha, kichwa na maelezo. Ukitumia HTML peke yake, utaiandika kadi mara 10. Na ukitaka kubadili umbo lake, utalibadili mara 10. Katika kiunzi, kadi huandikwa mara moja kama kielelezo, na kazi zako huwekwa katika orodha. Kiunzi hupitia orodha hiyo na kutoa kadi 10. Mgeni akibonyeza kitufe ili aone michoro tu, React hulinganisha sura mpya ya ukurasa na sura ya zamani, kisha hubadili zile sehemu zilizotofautiana na kuziacha nyingine. Ndivyo afanyavyo mwenye nyumba anayekandika ufa mmoja bila kuubomoa ukuta.

Faida hiyo ina gharama yake, nayo hulipwa na mgeni. Tovuti nyingi zilizojengwa kwa viunzi hivyo zilimpelekea mgeni ukurasa ulio karibu mtupu, pamoja na faili kubwa la JavaScript. Simu yake ilipaswa kulipakua faili, kulisoma na kulitekeleza kabla ya herufi ya kwanza kuonekana. Mwenye kompyuta mpya na mtandao wa kasi hakuona tofauti. Lakini kumbuka kwamba Kenya yetu ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti ya kimataifa mpaka mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa. Na hata sasa wako wengi wanaosoma kwa simu ndogo na kulipia kila kipimo cha data. Tovuti ambayo haimfunulii mtu huyo mlango imemfukuza mgeni kabla ya kumkaribisha. Huenda mgeni huyo ndiye aliyekuwa akitafuta mtu wa kumpa kazi.

Gharama ya pili humwangukia mwenye tovuti mwenyewe. Viunzi huzeeka upesi. Mwaka 2016 Google ilitoa Angular mpya, iliyoandikwa upya kiasi kwamba kazi ya zamani haikuweza kuhamia bila kujengwa tena. Na msaada wa ile ya kwanza ulikoma mwisho wa mwaka 2021. Tena viunzi hutegemea vijiprogramu vingi vya watu wengine. Mwezi wa Machi 2016 mtu mmoja aliondoa katika ghala la pamoja la mafundi kijiprogramu chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu. Kwa saa chache kazi nyingi duniani zilishindwa kujengwa, na wengi wa wenye kazi hizo hawakujua hata kidogo kwamba walikitegemea.

Mafundi waliliona tatizo, nao wakageuza njia. Vyombo kama Next.js cha mwaka 2016 na Astro cha mwaka 2021 humwezesha mjenzi kutumia vielelezo na orodha wakati wa kujenga, kisha kurasa hutolewa zikiwa HTML iliyokamilika, tayari kusomwa mara zifikapo. JavaScript huongezwa pale inapohitajiwa. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baada ya safari ya miaka mingi, mafundi walirudi penye ukurasa mwepesi wa Geneva, wakiwa na akili zaidi kuliko walipoondoka. Na ukurasa huo wenyewe haujafa: mwaka 2013 CERN iliirudisha nakala yake ya kale katika anwani yake ya awali, nayo hufunguka katika simu ya leo.

Mitaa ya GeoCities haikupata bahati hiyo. Mwezi wa Oktoba 2009 Yahoo iliifunga nchini Marekani. Watu wa kujitolea, pamoja na maktaba ya Internet Archive ya San Francisco, waliwahi kunakili sehemu kubwa ya kurasa zake, lakini nyingine zilipotea. Waliojenga pale hawakuwa wameiba kiwanja, walikuwa wamepewa. Hata hivyo mpaji alipochoka, nyumba zao zilikwenda pamoja na kiwanja.

Basi, msomaji, matukio hayo yote yafundisha jambo moja: kiunzi ni cha kupita, lakini kazi ni yako. Ikiwa wataka kujenga tovuti yako, anza kwa HTML, na CSS ambayo ni lugha ya kupanga rangi na maumbo, ili ujue nyumba husimamaje kabla ya kupewa nguzo zilizochongwa na wengine. Ujapochagua kiunzi, iweke orodha ya kazi zako, maelezo yako na picha zako katika mafaili yaliyo mbali nacho, ili kiunzi kikizeeka uhame nazo kama ahamavyo mtu na masanduku yake. Weka nakala nyumbani, hata kama kampuni inayokuhifadhia tovuti yakuahidi usalama. Ukiweza kulipia jina, lipie lako mwenyewe. Miongoni mwa majina yanayoishia.ke liko tawi la me.ke lililotengwa kwa tovuti za watu binafsi. Mwenye jina lake aweza kubadili seva, na wageni wakaendelea kumpata katika anwani ile ile. Mwisho, ifungue tovuti yako katika simu dhaifu kuliko zote utakazoweza kuazima, na ungoje kama atakavyongoja mgeni.

Husemwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema kilichofungiwa ndani hakina mnunuzi wa kukiona. Tovuti ni mlango wa kukitolea nje. Hakuna kiunzi kitakachougeuza ufundi mbaya uwe mzuri, wala ukosefu wa kiunzi haujapata kuuficha ufundi mwema ulioandikwa wazi. Fanya kwanza kazi inayostahili kuonyeshwa, uijengee mlango mwepesi, na ufunguo ushike wewe.