Shahidi wa Usiku wa Cambrai

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii twaijua sote, lakini ni mara chache kuiona ikithibitika kama ilivyothibitika katika anga ya Ufaransa, usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni, 1944.

Usiku huo ndege ya mabomu aina ya Lancaster, ya kikosi cha 419 cha Jeshi la Anga la Kanada, iliruka kutoka Uingereza kwenda kupiga njia za reli za Cambrai, ili Wajerumani wasipate kupeleka askari na silaha Normandy, ambako majeshi ya Washirika yalitua tarehe 6. Ndani yake walikuwamo watu saba. Ilipokaribia shabaha ilishambuliwa na ndege ya Kijerumani. Injini mbili za kushoto zikaharibika, moto ukazuka. Rubani akaamuru wote waruke kwa miavuli.

Andrew Mynarski, mzaliwa wa Winnipeg na mwana wa wahamiaji kutoka Poland, alikuwa na umri wa miaka 27. Yeye alikwisha kuufikia mlango. Hapo akamwona mwenzake, Pat Brophy, amenaswa katika kibanda cha bunduki cha mkiani. Akauacha mlango, akapita motoni, akakipiga kibanda kwa shoka, kisha kwa mikono mitupu. Nguo zake zikashika moto. Brophy alipoona hapana tumaini, alimpungia mkono aende zake. Mynarski akarudi mlangoni huku akimtazama, akampigia saluti, ndipo akaruka. Mwavuli wake ulikuwa ukiwaka. Akafa kwa majeraha ya moto.

Brophy, aliyekwisha kukata tamaa ya kuishi, alisalimika: ndege ilipogonga ardhi, kishindo kilimrusha nje. Wenzao watano nao waliokoka. Kwa ushahidi wake, mwaka 1946 Mynarski alitunukiwa nishani ya Victoria Cross.

Hapa ndipo penye funzo. Tendo lile halikuonwa na jicho jingine. Lau Brophy angalikufa, Mynarski angalibaki jina moja tu miongoni mwa watu 55,573 waliopotea katika ndege za mabomu zilizokuwa chini ya amri ya Uingereza. Ni wangapi kati yao waliotenda makuu yasiyo na shahidi? Na raia waliouawa na mabomu hayo, nani aliwasimulia?

Nasi tunao wafu wa vita hivyo hivyo. Vijana wa Afrika Mashariki walipigana Burma katika King's African Rifles, na wengi wa waliorejea wamekwisha kufariki na habari zao vifuani. Basi, ewe mwanafunzi, ukimpata mzee aliyesimuliwa na baba yake, keti naye uandike. Aliyesalimika hudaiwa masimulizi na waliokufa, na deni hilo sasa limetufikia sisi.